Kaboni chini ya mionzi ya infraredi

Kaboni safi haitoi mistari mingi katika spektra ya infraredi. Atomu zake hutetemeka bila kukoma kama atomu za kitu kingine chochote, lakini mtetemo peke yake hautoshi kufyonza mionzi hiyo. Ili wimbi la infraredi linaswe, mtetemo lazima uhamishe chaji: upande mmoja wa molekuli uwe chanya zaidi na mwingine hasi zaidi, kisha kinyume chake, mamilioni ya mamilioni ya mara kwa sekunde. Katika almasi kila atomu imezungukwa na nyingine zilizo sawa nayo kabisa. Hakuna upande unaouzidi mwingine, na mitetemo mikuu haiachi alama. Mambo hubadilika pale atomu chache za nitrojeni, boroni au potasiamu zinapoingizwa katika kaboni. Udopishaji, yaani kutia elementi ngeni kwa kiasi kidogo na kwa makusudi, huuvunja ulinganifu huo au huongeza chaji zinazotembea, na mitetemo iliyokuwa imejificha hujitokeza. Ndiyo maana historia ya kuichunguza kaboni kwa infraredi kwa sehemu kubwa ni historia ya kusoma kile kilichoongezwa. Atomu ngeni ambazo mkemia wa zamani angezihesabu kuwa uchafu ndizo zilizotoa habari.

Mionzi yenyewe iligunduliwa mwaka 1800 huko Slough, Uingereza, na mtaalamu wa nyota William Herschel. Alikuwa akitafuta vioo vya rangi vya kumwezesha kulitazama jua kwa darubini bila kuumiza macho, akaona kwamba baadhi ya vioo vilipitisha mwanga kidogo lakini joto jingi. Akautawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo na kuweka vipimajoto katika rangi mbalimbali. Joto lilizidi kuelekea kwenye nyekundu, na kipimajoto kilichowekwa ng'ambo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, kilipanda zaidi.

Kutoka hapo hadi kwenye spektra inayosomeka ilichukua karne nzima, na kikwazo kilikuwa vifaa. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya infraredi. Katika miaka ya 1830 Mwitalia Macedonio Melloni alionyesha kwamba chumvi ya mawe huipitisha vizuri, na tangu wakati huo miche na madirisha ya vyombo hivi yalichongwa kwa chumvi kwa zaidi ya miaka mia moja, yakitunzwa mbali na unyevu. Karibu na mwaka 1880 Samuel Langley wa Marekani aliunda bolometa, utepe mwembamba wa metali ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika unapopata joto kidogo sana. Mwaka 1881 Waingereza William Abney na Edward Festing walipiga picha za spektra za vimiminika kadhaa katika infraredi iliyo karibu na mwanga unaoonekana, wakatambua kwamba makundi fulani ya atomu huacha alama zilezile popote yanapokuwa. Utambuzi huo ulipata uzito mwaka 1905, wakati William Coblentz, aliyefanya kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Cornell, alipochapisha spektra za michanganyiko zaidi ya mia moja hadi mawimbi ya mikromita 15. Kila nukta ilipimwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Juhudi hiyo haikupata wafuasi wengi wakati ule, kwa sababu wakemia wachache walikuwa na subira ya kufanya vivyo hivyo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoitoa spektroskopia ya infraredi katika vyumba vya wanafizikia. Marekani ilihitaji mpira wa viwandani na mafuta ya ndege, na viwanda vilitaka njia ya haraka ya kutenganisha gesi zinazofanana. Kampuni za Beckman na Perkin-Elmer zilianza kuunda vyombo vya kuuzwa miaka hiyo ya 1940. Hatua kubwa zaidi ilikuja baadaye, pale mche ulipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na intafirometa, chombo cha vioo viwili kilichobuniwa na Albert Michelson katika miaka ya 1880. Chombo hicho hupima mawimbi yote kwa pamoja, halafu hesabu huyatenganisha. Mtaalamu wa nyota Peter Fellgett alieleza mwishoni mwa miaka ya 1940 faida ya kupima yote kwa mara moja, lakini hesabu zenyewe zilikuwa ndefu mno. Kanuni ya haraka ya James Cooley na John Tukey ya mwaka 1965, pamoja na kompyuta ndogo, iliondoa kizuizi hicho, na mwaka 1969 kampuni ya Digilab ilianza kuuza chombo cha aina hiyo. Bila mageuzi hayo, sampuli za kaboni zenye uzito wa sehemu ndogo ya miligramu, nyeusi na zenye mistari hafifu, zisingeweza kuchunguzwa.

Kisa cha kwanza cha kaboni yenye elementi ngeni hakikutokea kwa vitu vidogo vya nano, bali kwa almasi. Mwaka 1934 Robert Robertson na wenzake huko Uingereza walitangaza kwamba kuna almasi za aina mbili. Nyingi hufyonza infraredi karibu na mikromita 8, na chache, walizoziita aina ya pili, hupitisha sehemu hiyo. Kwa miaka 25 tofauti hiyo ilibaki fumbo, hata wengine wakadhani imetokana na kasoro za mpangilio wa fuwele. Mwaka 1959 Wolfgang Kaiser na Walter Bond wa Maabara za Bell walilinganisha nguvu ya ufyonzaji wa mikromita 7.8 na kiasi cha nitrojeni kilichokuwamo ndani ya mawe. Viwili hivyo vilipanda pamoja. Nitrojeni ilikuwa imeketi katika nafasi za kaboni, na almasi zenye nyingi zaidi zilikuwa nayo kwa takriban atomu mbili kwa kila elfu.

Boroni ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1952 J. F. H. Custers, akifanya kazi Johannesburg, alieleza almasi zinazopitisha umeme, jambo lisilotarajiwa kwa jiwe ambalo kwa kawaida ni kihami. Mwanzoni kosa lilitupiwa alumini. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ilibainika kwamba boroni, iliyopungukiwa na elektroni moja ikilinganishwa na kaboni, ndiyo inayoacha nafasi ambamo chaji huhama, na ufyonzaji wake karibu na mawimbi 2800 kwa sentimita ni alama yake ya wazi. Almasi ya buluu ya Hope iliyoko Washington ni ya kundi hilo. Hadi leo maabara za vito huliweka jiwe chini ya infraredi kabla ya kuandika cheti, liwe limetoka Afrika Kusini au Mwadui, Tanzania, na aina linayopewa inategemea nitrojeni na boroni zilizoonekana. Ni vigumu kutaja mfano mwingine ambapo kipimo kilichozaliwa katika fizikia kimeingia katika biashara kwa ukamilifu namna hii.

Kisa cha pili kilitoka kwenye plastiki. Katika miaka ya 1970 Hideki Shirakawa, akiwa Tokyo, alitia gesi za halojeni katika utando wa poliasetilini, mnyororo mrefu wa atomu za kaboni na hidrojeni, akipima infraredi ili kufuatilia mmenyuko. Ghafla utando uliacha kupitisha mionzi karibu yote. Maana ya jambo hilo ilidhihirika baadaye, alipokwenda Chuo Kikuu cha Pennsylvania kufanya kazi na Alan MacDiarmid na Alan Heeger, na mwaka 1977 wakaonyesha kwamba bromini na iodini huugeuza utando huo kuwa kipitishi kizuri cha umeme. Chaji zilizokuwa huru kutembea ndizo zilizoifyonza mionzi. Zaidi ya hapo, mitetemo ya mnyororo ambayo kabla haikuonekana ilipata mistari yenye nguvu kubwa, kwa kuwa kila atomu ilipotetemeka ilisukuma chaji iliyokuwa karibu nayo. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2000.

Mwaka 1989 James Kaufman na wenzake wa maabara ya IBM huko California waliupeleka uchunguzi kwenye tando za kaboni isiyo na mpangilio maalumu, za aina inayotumika kulinda diski za kompyuta. Tando safi zilinyamaza katika eneo la kati ya mawimbi 1300 na 1600 kwa sentimita. Zilipotiwa nitrojeni, mikanda miwili mipana ilijitokeza pale pale ambapo njia nyingine, ile ya Raman, huona mitetemo ya pete za kaboni. Swali likawa: mikanda hiyo ni ya bondi za nitrojeni au ya kaboni? Nitrojeni ya kawaida ilibadilishwa na ile nzito zaidi, yenye uzito wa 15 badala ya 14. Kama nitrojeni ingekuwa ndiyo inayotetemeka, mikanda ingeshuka. Haikushuka kama ilivyotakiwa, na hitimisho likawa kwamba nitrojeni ilikuwa imevunja tu ulinganifu, ikaipa kaboni uwezo wa kuonekana. Kwa wanaosoma spektra za kaboni iliyodopishwa hili ni onyo la kudumu: mstari uliozaliwa kwa ajili ya nitrojeni si lazima uwe mstari wa nitrojeni.

Wakati huohuo kisa kikubwa kuliko vyote kilikuwa kinaiva Heidelberg. Wolfgang Krätschmer wa Taasisi ya Max Planck na Donald Huffman wa Chuo Kikuu cha Arizona walikuwa wakichunguza vumbi la anga. Mwaka 1983 walivukiza vijiti vya grafiti ndani ya heliamu na kukusanya masizi. Baadhi ya sampuli zilionyesha katika mionzi ya urujuanimno umbo lenye nundu, wakazipa jina la ngamia na kuziweka kando, kwa kuwa hawakujua chanzo chake. Miaka miwili baadaye, Septemba 1985, Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley huko Houston waligundua kundi la atomu 60 za kaboni, yaani C60, ambalo walilikisia kuwa na umbo la mpira wa miguu, lenye pande za pembetano na pembesita. Walikuwa nalo kwa kiasi kidogo mno, ndani ya mkondo wa gesi, na hawakuweza kulipima kwa infraredi.

Huffman alianza kushuku kwamba ngamia wake ndiye huyo. Nadharia ilitoa jaribio kali. Molekuli yenye atomu 60 ina mitetemo 174, lakini ulinganifu wa C60 ni mkubwa kiasi kwamba mingi hurudia masafa yaleyale, na ni minne tu inayoruhusiwa kufyonza infraredi. Minne kati ya yote hiyo: hakuna ubashiri wa wazi kuliko huo. Masizi yalipowekwa katika chombo, mistari minne yenye nguvu ilionekana kwenye 1429, 1183, 577 na 528 kwa sentimita. Krätschmer hakuamini mara moja, kwa sababu mafuta ya pampu ya ombwe nayo yanaweza kuacha mistari. Basi masizi yakatengenezwa upya kwa kaboni nzito yenye uzito wa 13. Mistari yote minne ilishuka kwa karibu asilimia 4, kama inavyopasa kwa molekuli iliyojengwa kwa kaboni peke yake. Mafuta yangebaki palepale. Mwaka 1990 wao pamoja na wanafunzi wao Lowell Lamb na Konstantinos Fostiropoulos walitangaza njia ya kutengeneza C60 kwa kiasi kinachoshikika, na ndani ya miezi michache maabara duniani kote zilikuwa na unga huo. Ni haki kusema kwamba uwanja mzima wa fulerini, yaani C60 na jamaa zake, ulifunguliwa na spektra ya infraredi.

Udopishaji ulifuata haraka. Mwaka 1991 Robert Haddon, Arthur Hebard na wenzao wa Maabara za Bell huko New Jersey waliingiza mvuke wa potasiamu katika tando za C60. Kila atomu ya potasiamu huikabidhi molekuli elektroni moja. Elektroni tatu kwa kila molekuli zilifanya unga huo uwe kipitishi kisicho na ukinzani chini ya kelvini 18, yaani takriban nyuzi 255 chini ya sifuri za Selsiasi. Sita ziliurudisha kuwa kihami. Katika infraredi mabadiliko hayo yalisomeka kama mizani. Mstari wa 1429 ulishuka hatua kwa hatua hadi karibu 1340 pale elektroni sita zilipoingia, na nguvu yake ikaongezeka mara nyingi. Michael Rice na Han-Yong Choi walieleza sababu mwaka 1992: mtetemo hubadilisha nguvu inayozishika elektroni hizo ngeni, hivyo nazo huyumba na kuongeza chaji inayohama, na mstari uliokuwa wa kiasi hupata mwangwi wa umeme. Tangu hapo mstari huo umetumika kuhesabu elektroni ndani ya kila molekuli, kazi ambayo hakuna mizani ya kawaida ingeweza kuifanya.

Uchunguzi huo uliwarudia pia wataalamu wa nyota. Mwaka 2010 Jan Cami na wenzake walionyesha mistari ileile minne ya C60, ikiwa kwenye mikromita 7.0, 8.5, 17.4 na 18.9, katika data za darubini ya angani ya Spitzer kutoka nebula inayoitwa Tc 1. C60 iliyopoteza elektroni moja ilithibitishwa mwaka 2015, wakati kundi la John Maier la Basel lilipopima ufyonzaji wake kwenye baridi kali na kukuta unalingana na mistari miwili ya infraredi ya karibu inayoonekana angani, yenye urefu wa takriban nanomita 958 na 963, ambayo Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund walikuwa wameihusisha nayo tangu 1994. Huo ndio mfano wa mbali kabisa wa kaboni yenye chaji iliyosomwa kwa mwanga.

Mirija nano ya kaboni, iliyoelezwa na Sumio Iijima mwaka 1991 huko Tsukuba, Japani, na ile yenye ukuta mmoja iliyofuata mwaka 1993, ilikuwa migumu zaidi. Mistari ya mitetemo yake, karibu na 870 na 1590 kwa sentimita, ni hafifu sana. Habari ilipatikana mahali pengine, katika infraredi ya karibu, ambapo elektroni hurukia ngazi za juu za nishati. Mwaka 1999 Said Kazaoui na wenzake, hukohuko Tsukuba, walitia mirija bromini, inayochukua elektroni, na sesiamu, inayozitoa. Katika hali zote mbili mikanda mitatu ya ufyonzaji, kwenye elektronivolti 0.68, 1.2 na 1.8, ilififia kuanzia ule wa chini, huku upitishaji wa umeme ukipanda. Sababu ni nyepesi: ngazi ikishajazwa au kumalizwa, hakuna elektroni ya kuruka kutoka au kwenda humo. Haddon, aliyekuwa amehamia Riverside, California, pamoja na Mikhail Itkis waliutumia mkanda wa kati kupima usafi wa mirija inayouzwa, na kazi ya kundi hilo iliweka wazi kwamba asidi ya nitriki inayotumika kusafisha mirija huidopisha bila kukusudiwa. Nguvu inayojilimbikiza kwenye infraredi ya mbali ilizua ubishi mrefu zaidi. Wengine waliiona kuwa dalili ya pengo dogo la nishati linaloletwa na mkunjo wa mrija, wengine wimbi la chaji linalogonga ncha za mrija mfupi. Vipimo vya mirija ya urefu tofauti viliupa nguvu upande wa pili.

Grafini, utando wa unene wa atomu moja uliotengwa Manchester na Andre Geim na Konstantin Novoselov mwaka 2004, ilileta udopishaji usio na kemia. Chaji huongezwa kwa volti zinazowekwa chini ya utando, na inaweza kuondolewa kwa kugeuza swichi. Grafini safi hufyonza takriban asilimia 2.3 ya mwanga wa kila rangi. Mwaka 2008 makundi ya Feng Wang huko Berkeley na Dimitri Basov huko San Diego yalionyesha kwamba ikitiwa chaji hugeuka kupitisha sehemu kubwa ya infraredi iliyo chini ya kiwango fulani cha nishati, na kiwango hicho huhamishwa kwa volti. Katika grafini ya tabaka mbili, chaji hizo ziliuamsha mstari wa karibu 1590 na kuubadilisha nguvu na umbo, na wananadharia wakaona kwamba maelezo ya Rice kuhusu C60 yanafaa huko pia. Mwaka 2012 Basov na kundi jingine la Hispania walimulika grafini iliyodopishwa kwa infraredi kupitia ncha ya sindano kali sana. Walipiga picha za mawimbi ya elektroni yanayokimbia juu ya utando, mafupi kwa takriban mara 40 kuliko mwanga ulioyazusha.

Sehemu kubwa ya kazi ya leo haifanywi kwa fuwele nzuri namna hiyo bali kwa unga mweusi na vimiminika. Mwaka 2009 kundi la Liming Dai huko Ohio lilipoonyesha kwamba mirija yenye nitrojeni inaweza kuchukua nafasi ya platini katika seli za mafuta, utafiti wa kaboni yenye nitrojeni ulienea kila mahali. Chembe nano za kaboni zinazong'aa, zilizogunduliwa South Carolina mwaka 2004, sasa hupikwa hata kwa asidi ya sitriki, ile ya malimau, ikichanganywa na kitu chenye nitrojeni. Infraredi ni kipimo cha kwanza kufikiwa, kwa kuwa ni rahisi na ya haraka. Bondi ya kaboni na nitrojeni yenye mishiko mitatu huonekana karibu na 2200 kwa sentimita, mahali patulivu, na haina mpinzani. Nyingine zina mashaka. Bondi ya mishiko miwili huangukia kati ya 1500 na 1650, juu ya mitetemo ya kaboni yenyewe na ya maji yaliyoshikwa na sampuli. Bondi moja huangukia 1200 hadi 1350, ambako oksijeni nayo ina mistari yake.

Makosa hutoka hasa hapo. Vidonge vya bromidi ya potasiamu, vilivyotumika tangu 1952 kushikilia unga, hunyonya unyevu wa hewa, na mstari wa maji karibu na 1640 mara nyingi umeandikwa kama wa nitrojeni. Gesi ya kaboni dioksidi ndani ya chombo huacha alama karibu na 2350. Unga mweusi wenye chaji nyingi hufyonza kila kitu na kuinamisha spektra nzima. Kwa unga huo hutumika fuwele ya germani, inayoruhusu mwale kugusa uso wa sampuli tu. Sampuli hukaushwa kwenye ombwe kabla ya kupimwa. Na pale ambapo mstari mmoja unadaiwa na elementi mbili, jibu hutafutwa kama lilivyotafutwa Heidelberg na California: kutengeneza sampuli ileile kwa nitrojeni 15 au kaboni 13, na kuangalia ni mistari gani iliyosogea.